Mashine ya wenzo ya kukamulia machungwa: miezi minne jikoni kwetu Bukavu

Mashine ninayoieleza hapa ni ile ya kusimama, yenye wenzo mrefu ubavuni na kikombe cha kukamulia katikati, ambayo wauzaji wa vyombo katika soko la Kadutu huipanga mbele kabisa ya meza kwa kuwa inang'aa na huwavuta wapita njia. Niliinunua kwa dola 32, muuzaji akiwa ameanzia 45, nikapewa na kamba ya kuibebea, kwani uzito wake ni kama wa mtoto mchanga na kilima cha kurudi nyumbani hakina huruma. Haina jina la kiwanda popote. Ina kibandiko tu chenye picha ya chungwa na maneno yanayoahidi kwamba juisi yake huondoa sumu mwilini, nami nitarudi kwenye ahadi hiyo baadaye.

Nyumbani tuko watu 8, na kwa miaka kadhaa tumekuwa na desturi ya kuandaa, kila Jumapili jioni, sufuria moja ya maji ya tangawizi yaliyochanganywa na machungwa na ndimu, ya kunywa usiku huo na asubuhi ya Jumatatu. Kazi ya kukamua ni yangu. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, vumbi la barabara zetu likishapanda na watoto wakaanza kukohoa, desturi hiyo hufanyika karibu kila siku ya pili, na vidole vyangu vikawa vinachubuka kwa ukali wa ndimu. Blenda tunayo, lakini umeme huja na kuondoka bila kuaga, tena blenda husaga mbegu pamoja na utando mweupe wa ndani ya ganda, na huo ndio hasa unaoifanya juisi iwe chungu kooni. Nilitaka chombo kisichohitaji umeme na kisichosaga mbegu. Kwa mahitaji hayo mawili, mashine hii haikunidanganya.

Unalikata chungwa katikati kwa upana, unaliweka nusu moja juu ya koni huku upande uliokatwa ukitazama chini, kisha unavuta wenzo kuelekea kifuani. Kikombe cha juu hushuka, hulifunika chungwa, na mahali unapohisi mkono umepata ukinzani ndipo juisi huanza kutiririka kupitia matundu ya chujio. Ukivuta tena kwa nguvu kidogo husikia sauti ndogo ya ganda kupasuka, nayo ni ishara ya kuacha, kwa maana ukiendelea baada ya sauti hiyo unakamua mafuta ya ganda na uchungu wa utando, wala si juisi tena. Mwanangu mkubwa, mwenye miaka 12, aliijua sauti hiyo siku ya kwanza. Mimi ilinichukua Jumapili tatu.

Nilipima, kwa kuwa sikutaka kusifu kwa macho tu. Machungwa 12 ya kadiri, yaliyochaguliwa kutoka fungu moja, yalinipa kwa mashine sentilita 90 za juisi katika muda usiozidi dakika 5. Wiki iliyofuata machungwa mengine 12 ya fungu kama hilo, niliyoyakamua kwa mkono na uma, yalitoa sentilita 70 kwa robo saa nzima, pamoja na maumivu ya kiwiko. Tofauti hiyo ni bilauri moja kubwa, na katika nyumba ya watu 8 bilauri moja ni jambo la kugombaniwa. Niongeze kwamba machungwa hayo yalikuwa na ganda la kijani. Wageni wanaotoka nchi za baridi hudhani ni mabichi, ilhali katika nchi za joto chungwa huweza kuiva kabisa bila ganda lake kugeuka rangi, kwa sababu ubaridi ndio unaoliondolea ganda ukijani. Chagua lililo zito mkononi kuliko ukubwa wake, rangi usiijali.

Kwa ndimu habari ni nyingine kabisa. Koni ya mashine imetengenezwa kwa kipimo cha chungwa, hivyo ndimu ndogo huyumba juu yake, hugeuka ubavu wakati kikombe kinaposhuka, na mara mbili ilirukia ukutani mbegu zikiruka nayo. Hata inapokaa vizuri, nafasi kati ya kikombe na koni ni pana mno, na ndimu huishia kubonyezwa nusu tu. Mama mkwe wangu, ambaye kwa heshima iliyopo kati yetu hawezi kuniambia moja kwa moja kwamba nimepoteza fedha, alimwambia mke wangu kwa sauti ya kutosha nami niisikie: «Mwambie papa wa watoto ndimu inataka mwiko.» Kisha akaichukua ndimu, akaivingirisha mezani chini ya kiganja mpaka ikalegea, akaikata, akaingiza ncha ya mpini wa mwiko na kuuzungusha mara nne. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa ganda tupu. Tangu siku hiyo machungwa hupita kwenye mashine na ndimu hupita kwenye mwiko, na sioni haya kulisema katika tathmini ya mashine.

Kasoro kubwa, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike, ilijitokeza wiki ya sita. Niliona vijipande vyeupe vikielea juu ya juisi, nikadhani ni nyama ya chungwa, nikavichota kwa kijiko na kuvisugua kati ya vidole: vilikuwa vigumu na havikuvunjika. Ilikuwa rangi. Faneli ya chini, ile inayopokea juisi na kuielekeza kwenye chombo, imetengenezwa kwa alumini iliyopakwa rangi nyeupe, na rangi hiyo ilikuwa imeanza kubanduka kuzunguka tundu, mahali ambapo juisi hukawia. Chini yake alumini ilikuwa imefifia na kuwa na madoa ya kijivu. Asidi ya ndimu na machungwa hushambulia alumini iliyo wazi, na chakula chenye ukali kikikaa humo hupata ladha ya chuma. Ndiyo maana wazee wetu hawakuacha nyanya au maji ya ndimu yalale katika sufuria za alumini.

Nilirudi nayo sokoni. Muuzaji aliitazama, akaipulizia vumbi ambalo halikuwepo, akasema: «Papa, ile ni rangi tu, haiui mtu.» Nilimwomba anibadilishie sehemu hiyo moja, hakuwa nayo, nilimwomba apunguze bei kwa kurudisha dola chache, akacheka kwa upole kiasi kwamba hasira ilinipotea. Hakuna karatasi ya dhamana, na mnunuzi ajue hivyo kabla ya kutoa fedha. Hatimaye niliifungua ile faneli kwa bisibisi, skrubu zake mbili tu, nikaiweka kabatini, na sasa juisi hudondoka moja kwa moja kutoka kwenye chujio hadi katika bakuli la inoksi, yaani chuma kisichoshika kutu, ninalolisogeza chini yake. Koni na chujio vyenyewe ni vya inoksi na havijaonyesha dalili yoyote ya kutu wala madoa. Mashine iliyopunguzwa hivyo hutapanya matone kidogo mezani, lakini hainyweshi watu rangi.

Na sasa sufuria yenyewe, kwa kuwa mashine peke yake hutoa juisi tu, na juisi tupu siyo tunachokusudia. Ninaweka juu ya mbabula, yaani jiko letu la makaa, lita 2 za maji, natia tangawizi mbichi ya ukubwa wa vidole gumba viwili iliyopondwa pamoja na ganda lake lililosuguliwa, kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu 4 zisizozidi, na shada dogo la mchaichai uliokatwa karibu na ua wetu. Tangawizi mbichi na kavu si kitu kimoja: inapokaushwa baadhi ya ukali wake hubadilika na kuwa mkali zaidi, hivyo anayetumia unga apunguze sana, la sivyo watoto watakataa kikombe cha kwanza na hawatasogelea cha pili. Karafuu nayo inataka mkono mwepesi. Niliwahi kutia 10, na nyumba nzima ikanukia kama chumba cha daktari wa meno.

Kwa kuwa mji wetu umekaa juu, kando ya Ziwa Kivu ambalo uso wake uko mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari, maji hapa hutokota kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Joto hilo linatosha kabisa kuua vijidudu vya kipindupindu, na kwa sababu hiyo peke yake maji ya kinywaji hiki sharti yatokote, hata kama mtu anapenda kukinywa baridi. Viungo navyo ninaviacha juu ya moto mdogo kwa dakika 15 hadi 20, kifuniko kikiwa juu ili harufu isitoroke.

Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikosea kwa miaka: tulikuwa tunamimina juisi ndani ya sufuria inayotokota. Vitamini C huharibika kwa joto, na pia hupungua juisi ikikaa wazi hewani, kwa hiyo kuichemsha na tangawizi ni kuitupa sehemu ya kile ulichokitolea jasho. Siku hizi naiepua sufuria, nachuja, nasubiri mpaka niweze kuishika kwa kiganja bila kuondoa mkono, ndipo ninatia juisi ya machungwa, ya ndimu 3, na asali mwisho kabisa. Asali hatumpi mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata kwa ncha ya kidole, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha botulismi, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, kwa watoto wachanga. Kitinda mimba wetu alikatazwa mpaka siku yake ya kuzaliwa, pamoja na malalamiko ya bibi yake. Manjano tuliyajaribu mara moja pamoja na pilipili manga kidogo, ambayo husaidia mwili kuyanyonya manjano vizuri zaidi. Ladha ilikubalika, ila chujio la kitambaa limebaki la njano hadi leo.

Narudi kwenye kile kibandiko. Kazi ya kuondoa sumu mwilini ni ya ini na figo, na hakuna mashine ya dola 32 iliyowahi kuajiriwa kuwasaidia. Kuhusu mafua, tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba kwa watu wa kawaida vitamini C haizuii kupatwa na mafua. Wanaoitumia kila siku hupona mapema kidogo tu, pengine nusu siku au siku moja. Bilauri ya juisi ya machungwa inakaribia au kutosheleza kiasi cha vitamini C anachohitaji mtu mzima kwa siku, na hilo ni jema lenyewe bila kulitilia chumvi. Pera, kwa wanaojali hesabu, lina vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa, nalo halihitaji mashine. Kikombe cha moto cha tangawizi na asali hutuliza koo linalowasha, watoto hulala bila kukohoa sana, na familia yote huketi pamoja kwa nusu saa. Mtoto akiwa na homa, hapewi tangawizi na kungojwa. Anapelekwa kupimwa malaria.

Jambo jingine ambalo halikuandikwa kwenye boksi ni meno. Asidi ya kinywaji hiki hulainisha tabaka la juu la jino, hasa mtoto akitembea na chupa yake na kunywa funda moja moja mchana kutwa. Sisi hunywa mara moja, baada ya chakula, kisha kila mmoja husukutua kwa maji. Kupiga mswaki hungoja kama nusu saa.

Usafi wa mashine ni rahisi ukifanywa papo hapo. Nyuzi za chungwa zikikaukia kwenye matundu ya chujio, utahitaji sindano na uvumilivu. Kitako chake cha mpira hushika meza vizuri, isipokuwa meza ikiwa na maji. Wenzo wenyewe ulilegea mwezi wa tatu, nikaukaza kwa spana ya jirani, na haujalegea tena. Watoto wadogo wasiachiwe, maana kikombe kikishuka hakitofautishi chungwa na kidole.

Kwa familia kubwa inayokamua machungwa 10 au zaidi kwa wakati mmoja, ningeinunua tena, lakini nisingezidisha dola 25, na ningeichagua kwa namna hii: ningeomba kuifungua faneli hapo hapo mezani, nikaikwaruza kwa ukucha upande wa ndani, na nikiona unga mweupe chini ya ukucha ningeondoka. Mwenye kutumia ndimu tu, au nyumba ya watu wawili au watatu, abaki na mwiko. Wiki iliyopita nilipita tena pale Kadutu, nikakuta muuzaji yule yule ameleta mashine za aina hiyo zenye faneli isiyopakwa rangi, nikamwuliza kama ananiuzia faneli peke yake. Ameniambia nirudi Jumamosi.