Matembezi ya wachapaji wa siri Warsaw: nenda kwa ajili ya wino

Mimi nachapa fulana Kariakoo: za kampeni, za misiba, za mahafali. Kwa hiyo mdogo wangu anayesoma Warsaw, Polandi, aliponikatia tiketi ya matembezi ya uchapaji wa siri enzi za ukomunisti, nilikwenda kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Nimewapa nyota nne. Ya tano imepotelea njiani, nitaeleza.

Anayewaongoza ni mama mtu mzima aliyesambaza gazeti la Tygodnik Mazowsze katika usichana wake. Hilo ni gazeti la siri lililotoka kuanzia 1982, baada ya serikali kutangaza sheria ya kijeshi Desemba 1981, mpaka 1989. Wahariri wake wengi walikuwa wanawake, na nakala zilifika makumi ya maelfu kwa toleo. Kwenye kutembea ana mwendo wa haraka kidogo, ila mkishuka naye karakana, chini ya ghorofa, anakuwa mtu mwingine kabisa.

Huko mezani kuna fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chembamba, stensili, yaani karatasi ya nta iliyotobolewa herufi kwa taipu, mpira wa kusukumia wino na rimu ya karatasi. Waliosoma enzi za mitihani ya saiklostaili wataielewa stensili bila kuelezwa. Wino ndio ulionichekesha. Wa kiwandani ulikuwa mgumu kupatikana, basi walichukua sabuni laini ya kufulia, iliyouzwa kwa jina la Komfort, wakaikoroga na rangi. Ukiifikiria kifundi, ni akili kubwa: sabuni ni nzito, haichuruziki, na fremu unaiosha kwa maji tu. Hakuna harufu ya tina, ile ya kuyeyushia rangi, ya kumfanya jirani agonge mlango.

Tulichapa wenyewe. Ukibonyeza sana, sabuni inapenya kupita kiasi na matundu ya herufi yote yanaziba. Ukilegeza mkono, nusu ya mstari haisomeki. Tena karatasi iliyotoka haiwekwi juu ya nyenzake, ni kutandaza kila mahali. Mama alituonyesha jinsi chumba kizima kilivyojaa: kitandani, sakafuni, juu ya kabati. Ukishalowa jasho kwa kurasa chache, ndipo unaelewa kitabu cha kurasa mia mbili kilikuwa kazi ya namna gani.

Nilipenda pia kwamba hafichi habari za pesa. Watalii wengine walitaka hadithi za ushujaa. Yeye akazungumzia bei ya karatasi. NOWa, nyumba ya uchapishaji iliyoanza 1977 chini ya Mirosław Chojecki, mkemia aliyefukuzwa kazi, iliwalipa wachapaji wake na kuuza vitabu ili inunue karatasi nyingine. Wafanyakazi wa viwanda vya serikali nao walichapa kazi za pembeni kwa malipo. Mwaka 1980 Chojecki alipopandishwa kizimbani, kesi haikuwa ya maandishi. Ilikuwa ya wizi wa mashine ya kudurufu, mali ya umma. Na mwaka huohuo mshairi Czesław Miłosz akapata Nobel ya fasihi, wakati nchini kwake vitabu vyake vilikuwa vikisomwa kwa njia hiyo ya chini kwa chini!

Sasa nyota iliyopotea. Chuo Kikuu Kinachoruka, yaani mihadhara iliyofanyika majumbani mwa watu kuanzia 1977, kinapewa dakika chache tukiwa tumesimama kwenye baridi mtaa wa Żoliborz. Jina lilirithiwa kutoka madarasa ya siri ya karne ya 19, Warsaw ikiwa chini ya Urusi, ambako Maria Skłodowska, yule Marie Curie, alisoma. Januari 1978 wasomi waliunda chama cha kuyasimamia masomo hayo. Adam Michnik, mmoja wa wapinzani wa serikali, alifundisha historia ya Polandi ya kikomunisti, ile ambayo darasani haikusemwa. Wenye nyumba walitozwa faini. Machi 1979 genge liliivamia nyumba ya Jacek Kuroń, mpinzani mwingine, na kuwapiga watu. Mambo mazito hayo, na sisi tunapiga miguu chini tupate joto! Wangetukodia sebule moja, tukae sakafuni tumebanana, wasome hata ukurasa mmoja wa mhadhara. Hapo ningetoa nyota tano na bakshishi juu.

Kituo cha mtaa wa Mysia, ilikokuwa ofisi kuu ya udhibiti wa habari, ni kifupi lakini kinatosha, hasa kisa cha Tomasz Strzyżewski, mdhibiti wa Kraków aliyetorokea Sweden mwaka 1977 na maelekezo ya siri ya ofisi yake.

Bei ni kama mlo wa watu wawili kwenye mgahawa wa kawaida pale mjini. Wanaongea Kipolandi na Kiingereza. Vaa nguo usiyoionea huruma, na kama ni majira ya baridi, waombe waanze na karakana.