iPod ya zamani kwa redio ya Fielder: transmita nimeweka kando, waya imenibamba

Wacha nianze na player yenyewe ndio mjue kwa nini nilisumbuka hivi. Ni iPod Classic ya 160GB, Apple waliacha kuiuza 2014, na ndani kuna nyimbo za kanda za mzee wangu. Kaka yangu alikaa miezi na redio kaseti akizihamisha moja moja kwa kompyuta kabla kanda zishikwe na ukungu, rumba, benga, taarab ya Mombasa, zingine mzee alizirekodi mwenyewe kutoka kwa redio mpaka unasikia mtangazaji akiingilia wimbo haujaisha. Hizo huzipati kwa intaneti, nimetafuta sana. Mzee alishatuacha, na mimi kila asubuhi niko Thika Road kutoka Githurai mpaka tao, siku zingine saa nzima na zaidi, kwa hivyo nilitaka zicheze kwa gari na zicheze vizuri.

Gari ni Toyota Fielder ya 2008, ilikuja na redio yake ya Kijapani yenye skrini, maandishi yote Kijapani, Bluetooth hakuna, USB hakuna, tundu la AUX, lile la kuchomekea waya ya sauti, nilitafuta mpaka chini ya kiti nikakosa.

Kwanza nikanunua transmita ya FM pale Luthuli, mtaa wa vifaa vya elektroniki Nairobi, 1,200. Unaichomeka kwa soketi ya laita, unaweka waya kwa player, yenyewe inarusha kama kastesheni kadogo na redio yako inaishika. Muuzaji akaniambia weka 87.5 madam, hapo hakuna stesheni. Nikaweka, kimya. Nikajaribu 88.1, kimya, nikadhani ni mbovu, na kumbe shida ni redio. Redio za Kijapani za miaka hiyo zinasoma masafa ya 76 mpaka 90 na za kwetu ziko 87.5 mpaka 108, ndio maana gari ikifika hapa unawekewa ekspanda, kile kiboksi kidogo kwa waya ya antena kinachoshusha masafa. Yangu inashusha 16. Capital ya 98.4 naipata 82.4, Kiss ya 100.3 naipata 84.3, na Radio Citizen ya 106.7 ingefaa kukaa 90.7 lakini namba zinaisha 90, ndio maana sijawahi kuisikia kwa hiyo gari hata siku moja! Sasa piga hesabu, transmita ukiiweka 87.5 ukitoa 16 unabaki na 71.5, redio haifiki huko. Lazima transmita iwe kati ya 92 na 106, na hapo ndipo stesheni za Nairobi zimesongamana kama abiria wa jioni pale Ngara. Ilinichukua siku mbili kujua hivyo na ningefurahi sana kama muuzaji angeniuliza tu gari yako ni gani.

Nikapata kanafasi katikati ya stesheni mbili. Githurai inacheza sawa, ukifika Roysambu inaanza kukwaruza, Pangani stesheni kubwa inaifunika kabisa. Siku moja kwa jam gari ya kando nayo ilikuwa na transmita masafa yale yale, violin za taarab zikakatwa na mahubiri mpaka yule jamaa akasonga mbele. Na hata mahali inashika vizuri, sauti imekonda, kwa sababu FM yenyewe inaishia kama 15 kHz na haka kamashine kanarusha kwa nguvu kidogo sana, zile sauti nyembamba za juu zinapotea. Kwa habari na podikasti inatosha. Kwa muziki unaoupenda, hapana, mimi siwezi kumshauri mtu. (Kama gari yako ni ya zamani na bado ina tundu la kanda, tafuta ile kanda bandia yenye waya, inashinda transmita mbali sana.)

Nikaenda Kirinyaga Road, kwa mafundi wa magari. Mafundi watatu wa kwanza waliniambia kitu kimoja, madam toa hii weka redio ya Android, 16,000 na kazi ndani. Wa nne ni mzee kidogo, ana kibanda kidogo tu, hakuongea bei kwanza, aliinama akaangalia redio akaniuliza, "Madam, kuna mtu amewahi kukufungulia nyuma?" Nikamwambia hapana fundi. Akatoa plastiki za dashibodi na kale kamti kake ka plastiki, akavuta redio, akanionyesha soketi moja nyuma imekaa bure tangu Japani. Inaitwa VTR. Redio nyingi za Toyota za Kijapani zenye skrini ziko nayo, ilikuwa ya kuunganisha video, na inabeba sauti, kushoto na kulia. Video gari ikitembea skrini inaificha lakini sauti haikatiki, na mimi sauti ndiyo natafuta! Kumbe mlango ulikuwa hapo miaka yote.

Akaweka waya ya hiyo soketi, 600, akaunganisha na waya za sauti, nyekundu na nyeupe, zinazoishia kwa pini ya 3.5mm kama ya earphone, 250, na kazi yake 1,000. Waya akaipitisha nyuma ya dashibodi ikatokea ndani ya kisanduku cha mbele ya abiria, hiyo ilikuwa wazo lake na nilimshukuru sana, kwa sababu kwa jam ya Globe ukiweka kitu kinang'aa kwa dashibodi na dirisha iko chini, hiyo umeshaiaga. Nikachomeka iPod, nikabonyeza VTR, rumba ikafunguka kwa spika zote nne. Nilikaa tu kwa kiti nikisikiza, yeye akaendelea kupanga vifaa vyake bila kuniharakisha.

Tatizo lilikuja kesho yake nilipoweka chaji. Nikiwa natembea nasikia wiiiii, nikikanyaga mafuta inapanda, nikiachilia inashuka. Nikarudi. Fundi akachomoa chaji, ikanyamaza, akarudisha, ikaanza tena, akasema basi si redio na si player. Ni athi, ile njia ya umeme kurudi kwa bodi ya gari. Player inapata athi kwa njia mbili, kwa chaji na kwa waya ya sauti, na kelele ya alternata, ile inayochaji betri ya gari, inazunguka katikati. Akaweka kakiboksi kenye transfoma mbili ndogo katikati ya waya ya sauti, 500, sauti inapita na athi inatenganishwa. Kimya kabisa. Kwa hivyo ukisikia hiyo wiiiii usikubali mtu akuuzie redio nyingine, chomoa chaji kwanza usikie.

Jambo la mwisho nilijifanyia mwenyewe. Tundu la earphone la iPod linapitia kwa ampu ndogo ya ndani inayoongeza nguvu ya sauti, kwa hivyo unakuwa na sauti mbili za kupandisha, ya player na ya redio, ukiweka player juu mpaka mwisho inapasuka, ukiweka chini sana unasikia shhhh ya redio. Robo tatu hivi ndiyo inakaa sawa. Lakini ile soketi pana ya chini, ya pini 30, ambayo Apple walianza kuiweka kwa iPod 2003, inatoa sauti kabla haijapita hapo, kiwango ni kile kile hata uguse nini. Waya ya hiyo nilizunguka Luthuli mchana mzima, vijana wengi hata hawaijui, mwishowe mama mmoja akaichimbua chini ya kava za simu, 700. Besi imekuja nzito zaidi na ile shhhh imeisha. Jumapili nilimbeba Mama kwenda Limuru, ikafika pale mtangazaji anaingilia wimbo, akaniambia rudisha, nikarudisha, akasema hiyo siku baba yako alitunyamazisha sisi wote nyumba nzima ndio arekodi. Sikuwa nimewahi kuijua hiyo hadithi.

Mapungufu yapo. Jina la wimbo halitokei kwa skrini, na kuruka wimbo lazima ushike iPod yenyewe, kwa hivyo napanga orodha kabla sijatoka nyumbani na nikiwa barabarani sigusi. Pia kibanio kimoja cha dashibodi kilivunjika na fundi hakuniambia, nilikigundua nyumbani plastiki ikigonga gonga, nikampigia, akasema niende, akaweka kingine bure na akaomba pole. Hapo namtolea alama moja lakini narudi kwake tena.

Jumla bila transmita ni 3,050, na redio yangu iko pale pale. Ukienda Kirinyaga Road enda asubuhi kabla watu wajae, beba player yako, chaji yako na wimbo mmoja unaoujua vizuri, uliza kwanza kama redio iko na VTR au AUX nyuma kabla mtu akutajie bei ya redio mpya, na usilipe mpaka injini iwashwe, chaji iwe ndani, na ukanyage mafuta kidogo usikize.