Programu ya kufungia tovuti: niliyobaki nayo baada ya kuunguza kanzu ya mteja

Mimi ni fundi cherehani, nashona Ngamiani, Tanga. Ramadhani iliyopita, kumi la mwisho, niliunguza kanzu ya mteja. Ilikuwa imeshakwisha: shingo imedariziwa, mikono imepindwa, vifungo vimekaa. Ilibaki pasi tu. Simu ilikuwa juu ya meza ya kukatia, kando ya futi kamba, nami nilikuwa nimefungua tovuti ya michezo kutazama Coastal Union wamefanya nini. Matokeo ni mstari mmoja, unayasoma ukamaliza. Lakini nikashuka kwenye maoni ya mashabiki, huyu anataka kocha aondoke, yule anamjibu, mkono wa kulia umeshika pasi na pasi haitembei. Harufu ndiyo iliyonishtua. Alama ya kahawia, umbo la pua ya pasi kabisa, kifuani chini kidogo ya shingo, mahali ambapo huwezi kuweka kiraka wala darizi ikafunika.

Kitambaa nilinunua upya kwa pesa yangu, nikashona usiku kucha, na mwenye kanzu akaichukua asubuhi ya Idi kabla ya swala. Yeye hakujua kitu. Mwanafunzi wangu ndiye aliyejua, na huyo ndiye niliyekuwa namkataza kila siku asishike simu akiwa kwenye mashine. Hakusema neno. Alichukua ile kanzu iliyoungua akaikunja vizuri, akaiweka chini ya meza.

Baada ya Idi nikaanza kutafuta programu ya kunizuia. Nimejaribu kadhaa kwa zaidi ya miezi miwili, na haya ninayoandika ni kwa mafundi wenzangu na kila mtu ambaye simu yake ndiyo duka lake. Kuna watakaosema, kwa nini usiiache nyumbani? Siwezi. Vipimo vya wateja vimo humo, picha za mishono zimo humo, malipo yanaingia humo, na mteja akipiga mara mbili bila kupokelewa anakwenda kwa fundi wa barabara ya pili.

Hatua ya kwanza niliyochukua ilikuwa kufuta programu za michezo na Facebook. Haikusaidia hata siku mbili, kwa sababu kila kilichokuwa ndani ya programu kimo pia kwenye tovuti. Vidole vyenyewe vilikwenda kwenye kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, herufi mbili tu, jina lote likajijaza. Kwa hiyo ukitafuta programu ya kuzuia, swali la kwanza liwe hili: inafunga tovuti kwenye kivinjari, au inafunga programu peke yake? Nyingi zinazosifiwa sana ni za kufunga programu tu.

Nikaanza na kilichomo tayari kwenye simu, Digital Wellbeing ya Google, iliyokuja na Android 9 mwaka 2018. Ipo ndani ya mipangilio, haina gharama. Unaipangia programu dakika zake kwa siku, zikiisha alama yake inakuwa ya kijivu na haifunguki hadi usiku wa manane. Tovuti pia unaweza kuzipangia dakika, ila zile unazofungulia kwenye Chrome tu. Kazi yake inaifanya. Tatizo ni kwamba aliyeweka kikomo ndiye anayekiondoa, kwa mkono uleule, wakati wowote, bila kuulizwa. Kwa mtu anayehitaji kukumbushwa tu inatosha. Mimi saa nne asubuhi, chai imekwisha na mbele yangu kuna pindo la mita sita la sare za harusi, sihitaji kukumbushwa. Nahitaji mlango usifunguke.

Ya pili ilikuwa ya bure, jina lake naliacha. Ilifanya kazi kwa njia ya VPN, yaani mawasiliano yote ya simu yanapita kwanza ndani yake, na jina la tovuti uliyoikataza likitajwa, inalikata. Utaitambua kwa ile alama ya ufunguo juu ya kioo cha simu. Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya pili nikagundua mambo mawili. Kwanza, haitofautishi tovuti na programu: nilipokataza tovuti ya Instagram, programu ya Instagram nayo ikafa, saa zote, nami ndiko ninakoweka picha za kanzu. Pili, Opera Mini ilipita kama hakuna kilichotokea. Nilikaa na jambo hilo hadi nikaelewa. Opera Mini hupitisha kurasa kwenye seva zake yenyewe, zinabanwa huko kwanza ndipo ziletwe kwako, na ndiyo maana watu wanaipenda kwa kutokula bando. Basi aliyekaa njiani anaona simu inaongea na Opera, haoni ni tovuti gani inaletwa. Kuna na hili pia: Android inaruhusu VPN moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kama kazi yako inadai VPN nyingine, aina hii usijisumbue nayo.

Nikahamia kwenye aina nyingine, zile zinazoomba ruhusa ya ufikivu (kwa Kiingereza Accessibility). Hapa naomba usome polepole. Ruhusa hii iliwekwa kwenye Android kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ili programu iweze kumsomea asiyeona kilichoandikwa kwenye kioo. Programu ya kuzuia tovuti inaitumia kusoma anwani iliyo juu ya kivinjari, ikiona ile uliyokataza inakufunikia ukurasa. Inafanya kazi vizuri kuliko VPN. Lakini inayoweza kusoma anwani inaweza pia kusoma ujumbe wa benki na kila unachoandika, na simu yenyewe inakuonya kabla hujakubali. Kwa hiyo usimpe ruhusa hiyo mtu usiyemjua. Mimi nilikataa programu mbili zilizojaa matangazo na ambazo sikuweza kuona ni za nani.

Niliyobaki nayo ni AppBlock, ya kampuni ya MobileSoft ya Jamhuri ya Cheki. Toleo la bure lina mipaka, nikalijaribu kwanza, kisha nikalipia kamili. Ninachokipenda ni ratiba. Nimepanga kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba, halafu saa nane hadi saa kumi na moja jioni. Ndani ya saa hizo tovuti sita za michezo hazifunguki, wala Facebook, wala YouTube, wala Instagram. Saa moja ya katikati, baada ya adhuhuri na chakula, kila kitu kiko wazi: naweka picha, najibu wateja, nasoma habari za Coastal kwa raha zangu. WhatsApp na simu za kawaida haziguswi kabisa. Angalizo kwa wenzangu wa Kiswahili, saa za humo ni za Kizungu: saa mbili asubuhi andika 08:00, saa nane mchana andika 14:00.

Halafu kuna ile inayoitwa Strict Mode. Ukiiwasha, huwezi kubadilisha ratiba wala kuifuta programu mpaka muda uishe. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo, na kwangu ndicho kipimo cha programu hizi zote. Usiichague kwa namna unavyojisikia usiku ukiwa umetulia na una nia njema. Ichague ukijifikiria saa ile umechoka, uzi umekatika mara ya nne na mkono umeshaelekea mfukoni. Jiulize, hapo itanichukua hatua ngapi kuifungua? Kwa Digital Wellbeing nilihesabu hatua nne. Kwa AppBlock ikiwa imekazwa, hatua zinazotosha hasira kupoa. Sisemi haivunjiki. Simu ya Android ikiwashwa kwa hali salama (Safe Mode), programu zote ulizojipakulia hulala, na hii nayo italala. Ila mpaka uzime simu, uiwashe kwa vitufe, usubiri, utakuwa umeshakumbuka ulikuwa unashona nini.

Ukali wake una gharama, nisiwafiche. Wiki ya kwanza mama mmoja alinitumia kiungo cha Instagram saa nne asubuhi, mshono anaoutaka kwa bintiye. Sikuweza kukifungua. Nikamwandikia, "Mama, naomba unitumie picha yenyewe, kiungo hakinifungukii." Akatuma picha tatu, mbele, nyuma na mkono, na zilinifaa kuliko kile kiungo, maana mishono ya nyuma huwa haionekani. Sasa kila mteja namwomba hivyo.

Opera Mini niliifuta, na vivinjari nisivyovitumia nikavifungia kama programu, nikabaki na kimoja. Fanya hivyo hata ukichagua programu nyingine, maana kila kivinjari unachokiacha ni dirisha.

Kwa asiyetaka kulipa wala kutoa ruhusa ya ufikivu, namshauri atumie kivinjari cha Firefox na kiongezeo, yaani programu ndogo inayowekwa ndani ya kivinjari, kinachoitwa LeechBlock. Chrome ya simu haipokei viongezeo, Firefox inapokea. LeechBlock ni bure, unaiandikia tovuti zako na saa zake, na kuna namna ya kuipanga isifunge kabisa bali ikuhesabie sekunde kwanza ndipo ukurasa ufunguke. Mwanafunzi wangu anaitumia hiyo, sekunde thelathini, naye anasema mara nyingi huacha kabla hazijaisha. Lakini inalinda Firefox tu, kwa hiyo Chrome uizime kwenye mipangilio.

Forest, ile programu ya kupanda mti wa kuchorwa kwenye kioo, unaokufa ukitoka humo, ni nzuri kwa mwanafunzi wa shule aliyekaa na kitabu. Kwa duka haifai, kila mteja akituma picha ungeua mti. Wenye iPhone wanayo Screen Time tangu iOS 12, inafunga na tovuti. Namba ya siri mwachie mke, mume au ndugu aiweke.

Jambo la mwisho ni betri, na hili limewafanya wengi waseme programu hizi hazifanyi kazi. Simu nyingi za bei yetu huua programu zinazokaa nyuma ili kutunza chaji, na mzuiaji naye huuawa humohumo. Ingia kwenye mipangilio ya betri, mtafute, mwondolee vizuizi. Na simu ikisasishwa, rudi uangalie kama ruhusa ya ufikivu bado imewashwa. Yangu iliwahi kuzimika yenyewe baada ya sasisho, nami niligundua saa tano asubuhi, nikiwa nusu ya habari ya usajili, na pasi ikiwa imewaka mezani. Niliizima pasi kwanza.