Ukiritimba au soko huria: Waingereza na biashara ya watumwa

Waingereza waliendesha biashara ya watumwa kwa mifumo miwili: kwanza ukiritimba wa kampuni moja, kisha soko huria. Ukiiweka kando kwa kando, utadhani wa kwanza ndio uliokuwa mbaya zaidi. Mwaka 1672 Mfalme Charles II aliipa Royal African Company haki ya kuhodhi biashara yote ya Waingereza katika Afrika Magharibi. Mkuu wake alikuwa James, Duke of York, mdogo wake mfalme. Mateka walichomwa kifuani kwa chuma cha moto, zikabaki herufi DY: mali ya Duke.

Lakini kampuni ilikuwa nzito. Wenye mashamba ya miwa katika makoloni ya Barbados na Jamaica, visiwa vya Karibi, walinung'unika kwamba inaleta watu wachache kwa bei ya kuruka. Nayo ikanung'unika kwamba hawalipi madeni.

Mwaka 1698 Bunge likafungua mlango. Mfanyabiashara yeyote aliweza kupeleka meli, mradi alipe ushuru wa asilimia 10 wa kutunza ngome za kampuni. Kufikia 1712 hata ushuru huo ulikoma. Bandari ya Bristol ikajitosa, ya Liverpool ikafuata, na idadi ya waliovushwa bahari ikapanda kuliko enzi za kampuni. Na walioomba mlango ufunguliwe walikuwa wakidai, bila haya, uhuru wao kama Waingereza!

Katika mifumo yote miwili, sheria za usafirishaji majini zilibaki palepale: sukari na tumbaku za makoloni zilisafirishwa kwa meli za Kiingereza, na soko la Ulaya lilizipata kupitia bandari za Uingereza tu, ambako hazina ilitoza ushuru wake.