Rangi ya UV kwenye oili ya injini: ilivyonionyesha mvujo ambao fundi aliisingizia sili ya krenki

Seti hii nimeitumia kwa tatizo moja tu, lakini tatizo lenyewe lilikuwa linanipeleka kushusha giaboksi, kwa hiyo nina cha kusema. Ndani ya boksi kuna kichupa cha rangi ya kumimina kwenye oili ya injini, inayong'aa ikimulikwa, tochi ya UV yenye ule mwanga wa zambarau wanaokagulia noti bandia, na miwani ya njano. Niliinunua Gerezani, Dar, kwa 45,000.

Gari ni Prado ya dizeli, injini ya 1KZ-TE, cc 2,982, yenye turbo, ile pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa egzosi. Ni la siku nyingi na nalipenda. Naishi Iringa, shamba liko Kilolo, na kila mwezi nashuka Dar, maana yake mlima Kitonga naupanda kila ninaporudi. Masika yalipoanza nikaona doa kwenye sakafu ninapoegesha, chini ya pale injini inapoungana na giaboksi. Nikatandika kadibodi. Asubuhi nikakuta matone sita, meusi. Nikalishika tone kwa vidole, nikanusa. Dizeli ni nyepesi na harufu yake haijifichi; oili ya powa steringi ya gari hili ni nyekundu. Hii ilikuwa oili ya injini. Nilipoenda Dar na kurudi, karibu kilomita 1,000, kwenye dipstiki ilikuwa imeshuka kutoka alama ya juu hadi katikati.

Fundi wa kwanza aliingia chini ya gari, akakaa dakika mbili, akatoka. "Dada, hiyo sili ya krenki ya nyuma imekufa. Tushushe giaboksi, na klachi tubadilishe humo humo." Sili hiyo ndiyo inayozuia oili pale krenki inapotokea nyuma ya injini. Ufundi laki nne, spea mbali. Kweli tone lilikuwa linaning'inia pale pale alipoonyesha. Kinachoniuma ni kwamba hakufuta hata kwa kitambaa aone linatokea wapi.

Maana oili haikai ilikotokea. Inateremka, na gari likiwa mwendoni upepo unaisukuma nyuma, kwa hiyo karibu kila kinachovuja juu ya injini mwisho wake kitaonekana chini, kwenye maungio ya giaboksi. Ikiwa na turbo, washukiwa wanaongezeka. Kuna bomba linaloipelekea turbo oili kwa presha, na kuna bomba la kuirudisha kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini; bomba hili halina presha, linategemea mteremko tu. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na inachoelea juu yake ni utando mwembamba wa oili. Bomba la kupeleka likivuja ni jambo la kushughulikia leo, si mwezi ujao. Na oili hiyo ikidondokea upande wa turbo unaopitisha moshi wa egzosi, ambako joto ni la mamia ya nyuzi, gari linaweza kushika moto.

Kabla ya kumimina rangi niliosha injini. Usiiruke hatua hii. Nilitumia mafuta ya taa na brashi, kisha sabuni ya unga na maji ya kopo, altaneta na nyaya za pampu ya dizeli zikiwa zimefungwa mifuko ya plastiki. Mashine ya presha sikuikaribisha, injini hii ina umeme mwingi. Ilipokauka nikamimina rangi kwenye mdomo wa oili, nikashuka hadi Ipogolo na kupanda tena mjini, turbo ifanye kazi ya kweli. Nikasubiri giza, nikazima taa ya kibaraza, mpwa wangu akashika tochi, injini ikinguruma taratibu.

Sikutegemea kuona wazi kiasi kile. Maungio ya giaboksi yote yaling'aa kijani cha njano, kama vimulimuli. Tukaufuata mng'ao kwenda juu. Ukawa mchirizi, mchirizi ukawa mwembamba, ukapanda ubavu wa bloku hadi kwenye kichwa cha bolti inayofunga bomba la oili ya turbo. Chini ya kichwa hicho kulikuwa na tone dogo linalovimba polepole. Nikalifuta kwa kitambaa. Dakika haikuisha, likarudi. Moja kwa moja juu yake hakukuwa na kitu chochote kinachong'aa. Nilishusha pumzi.

Fundi wa pili aliifungua bolti ile, ambayo ina tundu katikati la kupitisha oili na washa mbili za shaba, vile vipete bapa vya kuzuia mvujo, moja kila upande. Washa moja ilikuwa na mfereji uliochimbika, na mtu alikuwa ameizungushia silikoni. Nikakumbuka: mwaka jana turbo ilifunguliwa kubadilishwa gasketi. Washa za zamani zilirudishwa. Shaba ikishabanwa mara moja inakuwa ngumu, haikai tena sawasawa. Silikoni ndiyo iliyoniogopesha zaidi, kwa sababu kipande kikikatika kinaweza kuziba njia ya oili na turbo ikafa kwa kiu. Washa mpya ni 2,000 kila moja. Nusu saa, kazi imekwisha.

Aliikagua na briza, njia ya kupumulia injini, bila kuombwa. Ikiziba, presha ya ndani ya injini inatafuta pa kutokea na kusukuma oili kwenye kila sili. Yangu ilikuwa wazi. Nilimwonyesha pia utando wa oili ndani ya hozi ya hewa inayoingia turbo. Akasema huo unaletwa na briza, ni kawaida, niwe na wasiwasi nikikuta dimbwi.

Kasoro za seti hii zipo. Tochi ni dhaifu, mchana haifai kitu. Miwani haikai juu ya miwani yangu ya macho. Maelezo hayana hata neno moja la Kiswahili, na ni muhimu, kwa sababu kuna rangi ya oili na rangi ya maji ya rejeta, hazibadilishani. Tena rangi iking'aa haichagui: nilipoteza robo saa nikifuatilia mng'ao ambao kumbe ni matone yangu mwenyewe yaliyomwagika kwenye faneli. Ukimimina, futa papo hapo. Nampa nne kati ya tano muuzaji aliyenishauri nichukue ya oili.

Asiye na hela ya seti aoshe injini, aikaushe, apulizie poda ya mtoto mahali anapopashuku, awashe gari na kuangalia poda inaloana wapi. Kwa sehemu inayoonekana vizuri inasaidia sana, ila karibu na feni poda yote inapeperushwa.

Ni wiki ya tatu sasa. Kadibodi ina doa moja dogo, la kona ya nyuma ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, ambako usiku ule niliona uzi mfupi uking'aa kwa mbali. Gasketi yake nimeshanunua, iko kwenye dashibodi, inasubiri sevisi.