Mashine ya polishi: ile "yenye nguvu" ilinila rangi

Gari langu, Toyota IST, ni nyeusi, na nyeusi haifichi kitu. Miaka miwili ya kuoshwa kwa matambara yenye mchanga iliiachia boneti mikwaruzo ya duaraduara, jua likipiga unaona utando wa buibui mtupu. Nikashuka Kariakoo kutafuta mashine nijipigie polishi mwenyewe.

Ya kwanza niliinunua kwa masikio. "Chukua hii bosi, hii ina nguvu." Nguvu ilikuwa nayo kweli: mizunguko 3,000 kwa dakika, pedi inazunguka palepale kama grinda. Boneti iking'aa, nami nikajiona fundi. Kwenye kona ya bampa nikachelewa kuhama, plastiki ikapata moto, klia, lile tabaka angavu la juu linaloilinda rangi, ikaondoka na rangi yake. Klia ya kiwandani mara nyingi ni mikroni 40 hadi 50, nyembamba kuliko unywele, na kwenye kona hupungua zaidi. Hata ile boneti, usiku chini ya taa za kituo cha mafuta, ikaonyesha mawimbi ya alama za mashine.

Ya pili, kwa bei karibu mara tatu, ni ile inayozunguka huku ikiyumba. Ukiikandamiza sana pedi inaacha kuzunguka, inabaki kutetemeka tu, ndiyo maana kuunguza rangi nayo ni kazi. Nimechora mstari wa maka peni pembeni ya sahani inayoshika pedi. Nikiuona umesimama, napunguza mkono. Nilichukua yenye myumbo, yaani upana wa kuyumba kwa pedi, wa milimita 15. Ya 21 inamaliza haraka kwenye paa na sehemu bapa, lakini IST ni mikunjo mitupu, ingekuwa inakwama kila mahali.

Angalieni volti kabla ya kulipa. Mtumba wa Japani ni wa volti 100, na soketi zetu zina 230. Bila transfoma, umenunua moshi.

Pesa nyingine imeniishia kwenye pedi. Nilinunua mbili nikidhani zinatosha gari zima. Zikajaa unga wa rangi na rabin, ile dawa ya kusugulia, kabla sijamaliza mlango wa pili. Sasa ninazo sita, nazipiga brashi kila baada ya kipande, na kipande changu ni kama sentimita 50 kwa 50. Naanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu bodi ikishapata jua la Dar dawa inakauka kabla haijafanya kazi.

Kasoro? Inatetemesha mkono hadi ganzi, na mkwaruzo unaonasa ukucha haiutoi. Utando wa buibui umetoka karibu wote.

Bampa nimelipeleka kwa fundi rangi. Kalizungusha, kaniangalia: "Bosi, hii uliipiga na grinda?"