REDCap kwa utafiti wa ruzuku: inalinda ulichokitia alama tu

REDCap, mfumo wa kompyuta wa kukusanya na kutunza data za utafiti, ilianzia Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, mwaka 2004, na taasisi isiyo ya kibiashara iliyojiunga na muungano wake hailipi kitu. Seva na fundi wa kuihudumia ni juu yenu. Kwa anayeomba ruzuku ya NIH, taasisi za taifa za utafiti wa afya za Marekani, ambako ombi lazima lieleze siri za washiriki zitalindwaje, ni chombo kizuri kuliko jedwali la Excel linalozunguka kwenye barua pepe. Ila wengi huandika "data zitatunzwa kwenye REDCap" wakadhani wamemaliza.

Ukiongeza swali kwenye dodoso, kile kipengele kinachouliza kama jibu linamtambulisha mtu huja kimeshajibiwa "hapana". Usipokigusa, namba ya simu ya mshiriki inachukuliwa sawa na uzito wake wa kilo. Upo ukurasa wa ukaguzi unaosaka maneno yenye dalili za utambulisho, lakini orodha yake ya maneno huja kwa Kiingereza. "Kitongoji" na "Jina la balozi" vinapita hivihivi. Mwombeni msimamizi wa seva aongeze jina, simu, kijiji, mtaa, balozi, kuzaliwa, NIDA.

Haki za watumiaji nazo zina mtego. Kuona kwenye skrini na kupakua ni ruhusa mbili tofauti: karani aliyezuiwa kupakua majina bado anaweza kuyasoma. Hata ukimfungia fomu, ukimwachia kumbukumbu za mabadiliko atayakuta humo.

Upakuaji usio na utambulisho huondoa vipengele vilivyotiwa alama, tarehe na maelezo huru. Msiyarudishe maelezo huru kwa huruma. "Mke wa mwalimu mkuu" halina jina, na kijiji kizima kinamjua. Tarehe mnaweza kuzisogeza badala ya kuzifuta: kila mshiriki hupata idadi yake ya siku, kati ya 0 na 364, hivyo muda kati ya hudhurio moja na lingine haubadiliki. Kwa utafiti wa malaria hapo ni hasara, maana mgonjwa wa masika anaweza kuangukia kiangazi.

Seva ikiwa Marekani, data za Tanzania zimevuka mpaka. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu ya Tanzania, itataka mkataba wa kuhamisha data, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti yake. Hati ya usiri ya NIH, ambayo tangu Oktoba 2017 miradi yake huipata bila kuiomba, ni kinga dhidi ya kulazimishwa kutoa taarifa za washiriki mbele ya mahakama za Marekani. Kwa hakimu wa Mbeya msiitegemee, wala fomu ya ridhaa isimwahidi mshiriki hivyo.

Mpangilio tunaoupendelea ni miradi miwili ndani ya REDCap: mmoja wa majina na simu, mwingine wa majibu, ikiunganishwa na namba ya utafiti peke yake. Ule wa majina waufungue mratibu na msaidizi wake tu.